Barua ya wazi kwa wakuu wa ofisi za mawakili: turuhusuni twende kwenye mikutano ya taaluma yetu

Kwa wabia na wakuu wa ofisi za mawakili Tanzania Bara,
Kwa Rais na Baraza la Uongozi la Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS),
Nakala kwa uongozi wa chama chetu cha makatibu mahsusi, TAPSEA, na kwa Msajili Mkuu wa Mahakama ya Tanzania.

Waheshimiwa mawakili wasomi, shikamooni.

Mimi ni katibu mahsusi katika ofisi ya mawakili jijini Mwanza. Nina ombi moja, na nalitanguliza ili msilazimike kulitafuta ndani ya barua ndefu: kila ofisi ya mawakili itenge fungu la kumpeleka katibu wake kwenye mkutano wa mwaka wa taaluma yake, na siku atakazokuwa huko zihesabiwe siku za kazi. Zisikatwe kwenye likizo yake. Isiwe hisani inayotegemea bosi kaamkaje, wala usiwe mkopo wa kukatwa kwenye mshahara wa mwezi unaofuata.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu tukiomba mmoja mmoja, kila mtu ofisini kwake, jibu huwa lile lile: "Tutaangalia." Wengi wetu hatuombi mara ya pili.

Hali yenyewe iko hivi. TAPSEA hukutana kila mwaka. Ukiingia ukumbini utawakuta makatibu wa wizara, wa halmashauri, wa mashirika ya umma, wa vyuo na wa hospitali. Wengi wana barua ya ruhusa mkononi, wamelipiwa ada ya ushiriki, nauli na malazi. Serikali imezoea kuwaruhusu watu wake, na viongozi wake huja kufungua mkutano na kusikiliza kero. Makatibu wa ofisi za mawakili ni wa kutafuta kwa tochi. Wachache wanaofika wamejilipia, na siku zao zimetolewa kwenye zile 28 za likizo ya mwaka ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini imempa mfanyakazi ili apumzike. Nawajua waliokopa kwenye kikoba ili wapate nauli. Nawajua hata waliosingizia msiba ili wapewe ruhusa. Inauma mtu kulazimika kudanganya ili aende kujifunza kazi anayomfanyia bosi huyo huyo.

Ninyi nanyi mna mkutano wenu. TLS, chama kilichoundwa kwa sheria tangu 1954, huwaita mawakili kila mwaka, mara nyingi Arusha, na Dodoma nako mmekwenda. Ofisi hulipa. Mnasikiliza mada, mnapata alama za elimu endelevu, mnakutana na majaji na mawakili wa mikoa mingine, mnarudi na mambo mapya. Hakuna anayewauliza kama mlikwenda kutembea. Wiki hiyo anayebaki ofisini ni katibu. Anapokea samansi, anawatuliza wateja, anatafuta jalada na kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili wakili aliyeko hotelini alisome. Siwaonei wivu kwa hilo. Mkutano wenu unawafanya kuwa mawakili bora, na ofisi nzima inanufaika. Nasema tu kwamba sababu zinazowapeleka ninyi Arusha ndizo hizo hizo zinazotutaka sisi tuende kwetu.

Naomba sasa tuzungumze kuhusu kazi yenyewe, maana nadhani hapo ndipo tunapopishana. Katika ofisi nyingi katibu bado anaonekana mtu wa kuchapa, kupokea simu na kuwakaribisha wageni. Lakini ninyi mnajua jinsi shauri linavyoweza kufa bila hoja yake hata moja kusikilizwa. Hati ya kiapo ikikosa mahali na tarehe pale chini kamishna wa viapo anapotia saini, upande wa pili huleta pingamizi la awali na maombi yote yanaondolewa. Kifungu cha 8 cha sheria inayowahusu makamishna wa viapo kiko wazi kabisa juu ya hilo. Waraka usiokuwa na jina na anwani ya aliyeuandaa unagongana na Sheria ya Mawakili. Mtu akitaka kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani katika shauri la madai, notisi yake iwe imeingia ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri nayo iandikwe ndani ya siku hizo hizo 30, na mjibu rufani apelekewe nakala, pawepo na uthibitisho kwamba ameipokea. Kisha kumbukumbu za rufaa, yaani nyaraka za shauri zilizokusanywa pamoja kwa ajili ya rufaa, ziwasilishwe ndani ya siku 60 tangu notisi ilipoingia. Mjibu rufani asipopelekewa barua ile, muda ambao Mahakama iliutumia kuandaa nakala hauwezi kuondolewa kwenye hesabu. Cheti cha ucheleweshaji, yaani kile ambacho msajili hutoa kuthibitisha muda huo, kikiwa na tarehe isiyolingana na barua, rufaa inaweza kuonekana imepitwa na wakati, na mteja aliyeuza ng'ombe ili alipe gharama anaambiwa hana rufaa.

Ni kweli marekebisho ya sheria na kanuni za rufaa ya 2018 na 2019 yamelegeza mambo kadhaa. Siku hizi aliyesahau waraka kwenye kumbukumbu za rufaa anaweza kupewa nafasi ya kuuongeza. Ila muda ukishapita, nafasi hiyo haiurudishi.

Sasa tujiulize: tarehe hizo nani anaziandika kwenye shajara? Nani anazipa namba kurasa mia tano za kumbukumbu za rufaa na kuhakikisha hakuna iliyoruka? Nani anamfuata msambaza nyaraka kumuuliza kama ile barua ilipokelewa na kugongwa muhuri, au iliachwa tu getini kwa mlinzi? Wakili ndiye anayetunga hoja na kutia saini, na dhamana mbele ya Mahakama ni yake. Lakini karatasi zimepita mikononi mwa katibu na karani kabla hazijafika kwake na baada ya kutoka kwake. Wengi wetu hatujawahi kukalishwa hata siku moja tukaelezwa kwa nini siku 30 ni 30, zinaanza kuhesabiwa lini, na inakuwaje ya mwisho ikiangukia sikukuu. Tumejifunza kwa kukemewa. Mtu akikemewa anajua kosa la jana. Sababu ya kosa hapewi, na kesho akikutana na jambo linalofanana nalo kidogo hana pa kushika.

Juu ya hayo, kazi yetu imebadilika kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki zilitoka 2018, Tangazo la Serikali Namba 148. Zamani karani alikimbizana na saa ya kufungwa kwa masjala. Dirisha likifungwa, siku imekwisha. Sasa waraka uliotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku unahesabiwa umewasilishwa siku hiyo, ilimradi usikataliwe. Kwa mwananchi mwenye shauri lake ni neema, naisifu Mahakama kwa hilo. Kwa katibu maana yake ni kwamba siku ya kazi imefuatana naye hadi nyumbani. Wakili anamaliza kuandika saa tatu usiku, anatuma, na hapo lazima awepo mtu wa kugeuza faili kuwa PDF, kuchagua aina ya shauri na masjala sahihi, kupakia viambatisho kwa mpangilio wake, kusubiri namba ya malipo na kuhakikisha ada imelipwa.

Hapo kwenye ada ndipo penye mtego. Mahakama ya Rufani ilishaamua, katika shauri lililoripotiwa 1992, kwamba tarehe ya kuwasilishwa kwa waraka ni ile ada ilipolipwa. Jinsi uamuzi huo unavyokaa pamoja na kanuni za mtandao ni jambo ambalo ninyi wenyewe mmeshalibishania mahakamani. Katibu aliye mbele ya kompyuta saa tano na dakika hamsini usiku, namba ya malipo haijaja na mtandao unasuasua, hana muda wa mabishano hayo. Anatakiwa ajue la kufanya dakika ile: ahifadhi ushahidi gani kwamba alijaribu, ampigie nani, na asubuhi yake ofisi iombe nini kwa msajili. Kanuni zenyewe zimeweka njia ya kuomba nafuu pale mfumo unaposhindwa, na njia hiyo ina muda mfupi. Ni makatibu wangapi wanaijua?

Kisha mfumo wenyewe nao ukabadilika. Tulikuwa tumeshauzoea mmoja, 2023 ukaja mwingine mpya wa kusimamia mashauri. Katika ofisi ninazozijua, walioitwa kwenye mafunzo ni mawakili. Walirudi wakatuelekeza harakaharaka, joho mkononi, wakielekea mahakamani. Yaliyobaki tumejifunza kwenye makundi ya WhatsApp, usiku, kwa kuulizana sisi kwa sisi, na mwenye jibu lisilo sahihi anawapotosha wengine mia bila kukusudia.

Lipo na jambo ambalo halisemwi. Akaunti kwenye mfumo ni ya wakili na nywila ni ya wakili, lakini katika ofisi nyingi anayeingia ni katibu. Mnalijua na sisi tunalijua. Wakati huo huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na sisi ndio tunaoshika nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya ndoa na vya vifo, taarifa za benki na majibu ya hospitali ya wateja wenu. Katika mashauri ya mirathi na ya ndoa tunasoma mambo ya familia ambayo hata majirani hawayajui. Kazi ya uzito huo inataka ukumbi, mtaalamu, maswali na majibu, na mtu kurudi ofisini akiwa na utaratibu ulioandikwa. Kuambiwa "uwe makini" mlangoni hakutoshi.

Mtakumbuka pia 2021. Tarehe 1 Februari mwaka ule, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili na akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mimi nilifurahi kweli, maana nimewaona wateja wakitia saini hati za kiapo wasizoweza kuzisoma. Lakini tuliporudi mezani tulikuta sampuli zote za ofisi ziko kwa Kiingereza. Kila ofisi ikajitungia zake. Nimeshika hati za madai za ofisi mbili za mtaa mmoja ambazo ungedhani zimeandikwa kwa ajili ya mahakama za nchi mbili. Makatibu wa sheria wangekutana siku mbili tu wakiwa na mawakili wachache, afisa wa masjala na mtaalamu kutoka Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), wangeondoka na sampuli moja ya kila waraka wa kawaida, na kazi hiyo ingewafaa mawakili wote kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Hakuna aliyetuita. Na sasa Mahakama imeleta mifumo ya akili mnemba ya kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani. Sisi tuliofundishwa hatimkato tunataka kujua nafasi yetu iko wapi katika hayo, na tunataka kuyajua kabla hayajatukuta mezani.

Mikutano ina faida gani hasa? Naweza kusema niliyoyaona, kwa sababu nimewahi kwenda kwa fedha zangu.

Wakati wa chakula nilikaa meza moja na katibu anayefanya kazi kwenye masjala ya mahakama, mkoa wa mbali na kwangu. Tulianza kwa kuulizana habari za watoto, tukaishia kwenye kazi. Akanieleza nyaraka zinavyoonekana zikifika upande wake: viambatisho vilivyoskaniwa vikiwa vimelala ubavu, jina la mdaawa limeandikwa hivi kwenye mfumo na vile kwenye hati, kiambatisho cha kwanza kimepakiwa mara mbili na cha pili hakipo. Akanitajia wanachokiangalia kwanza na wanachokiangalia mwisho. Niliandika yote nyuma ya ratiba ya mkutano. Niliporudi nikatengeneza karatasi moja ya ukaguzi, na leo hakuna waraka unaotoka ofisini kwetu bila kupitishwa humo. Hata mawakili wapya waliotoka juzi Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo wanaitumia. Maelezo yale hayamo kwenye kanuni wala kwenye kitabu chochote nilichosoma. Anayo mtu anayezipokea nyaraka kila siku, na unayapata ukikaa naye meza moja.

Palikuwa na mama mmoja anayekaribia kustaafu, aliyesomea Tabora enzi za Chuo cha Uhazili, kabla hakijawa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Hatimkato yake ni maneno 120 kwa dakika, na amepitia mikono ya mawakili wengi. Yeye huweka rejista mbili za tarehe za ukomo, moja kwake na moja kwa karani, na kila Ijumaa mchana wanakaa kuzilinganisha. Tarehe isiyokuwepo kwenye rejista zote mbili inatafutwa kwenye jalada siku ile ile. Utaratibu rahisi, lakini ofisi yake imeuishi kwa miaka mingi. Kina mama kama huyu wanastaafu kila mwaka. Wanakwenda zao na elimu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, kwa sababu hatukuwahi kuwaweka jukwaani tukawasikiliza. Hili ndilo linaloniumiza kuliko gharama ya nauli.

Najua mnayoyasema tunapoomba, kwa hiyo niyajibu.

Mnasema kazi ni nyingi na hakuna wa kumwachia. Lakini Mahakama Kuu ina likizo yake, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, na kipindi hicho mnajua wenyewe korido za ofisi zinavyokuwa. Wiki ya Sheria nayo huangukia mwishoni mwa kipindi hicho, kuelekea Siku ya Sheria. Mkutano wa makatibu wa sheria ukipangwa Januari, hakuna shauri litakaloharibika. Kwa ule wa TAPSEA, tarehe hutangazwa mapema. Ofisi yenye makatibu wawili inaweza kupeleka mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao.

Mnasema ni gharama. Ni gharama, sikatai. Ila waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, maana yake nchi yetu imeshakubali kwamba ujuzi wa mfanyakazi ni jukumu la mwajiri pia. Na pimeni nauli ya Mwanza hadi Dodoma na malazi ya siku chache dhidi ya rufaa moja iliyoondolewa kwa sababu ya tarehe, na mteja aliyehamia ofisi nyingine akiwa amebeba majalada yake yote.

Wapo wanaohofia siri, kwamba makatibu wakikaa pamoja watazungumza ya wateja. Hofu hii naiheshimu kwa sababu siri ndiyo roho ya kazi yetu. Sheria ya Ushahidi inapomfunga mdomo wakili kuhusu mambo ya mteja wake, inamfunga pia karani na mtumishi wake. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutupeleka. Utunzaji wa siri ni katika mada zinazofundishwa kwenye mikutano hii. Katibu asiyefundishwa mpaka wa siri anaweza kuuvuka akiwa kwenye daladala, hahitaji kufika mkutanoni.

Wengine wanaogopa kwamba tukijuana tutahama, ofisi kubwa zitawachukua wazuri. Mfanyakazi anayehama hahami kwa sababu ya mkutano. Anahama kwa sababu amekaa miaka bila kupandishwa cheo, bila mtu kumuuliza anataka kujifunza nini. Binafsi nawajua waliobaki mahali penye mshahara wa kawaida kwa sababu bosi anawaheshimu na kuwaendeleza.

Na kuna lile linalosemwa tukiwa hatupo, na wakati mwingine tukiwepo: kwamba makatibu wanakwenda kutembea, kushona sare za vitenge na kupiga picha. Wengi wetu ni wanawake, na naamini maneno haya yasingesemwa hivyo kama tungekuwa wanaume. Ndiyo, tunashona sare. Tunapendeza na tunafurahi kuonana, kama mnavyofurahi ninyi kwenye chakula chenu cha jioni baada ya mkutano. Mama aliyeacha watoto kwa dada yake, akalala kwenye basi usiku kucha, akakaa ukumbini tangu saa mbili asubuhi akiandika, hastahili kuitwa mtembezi. Naomba wakubwa wenye heshima mlikemee neno hilo mkilisikia ofisini kwenu.

Tusidhani tunaomba jambo geni duniani. Makatibu wa sheria wa Long Beach, California, walianza kukutana 1929. Hawakuanza na ukumbi mkubwa. Walikuwa makatibu wa mji mmoja waliotaka kujifunza kazi yao vizuri. Kutokana na mikutano ile kikakua chama cha kitaifa cha makatibu wa sheria wa Marekani, kikaweka mtihani na cheti cha taaluma ambacho waajiri walikitambua. Mwanza, Arusha, Mbeya na Dar es Salaam zote zina mawakili wa kutosha na makatibu wa kutosha kuanza namna hiyo hiyo.

Kwa TLS nina maombi mahususi. Mnao uongozi wa kanda. Kila kanda iandae siku moja kwa mwaka ya makatibu na makarani wa ofisi za mawakili, ndani ya Wiki ya Sheria, mawakili wenyewe wakiwa wawezeshaji na masjala ya mahakama ya pale pale ikileta afisa wake. Kwenye mkutano wenu mkuu wekeni kikao cha watumishi wa ofisi, hata cha nusu siku, kwa ada ambayo ofisi ndogo ya wakili mmoja inaweza kuilipa. Na mnapowahimiza mawakili kuhusu elimu endelevu, wahimizeni pia kuhusu watu wanaofanya nao kazi. Neno la Rais wa TLS likitamkwa jukwaani lina uzito ambao barua ya katibu haina.

Chama chetu nacho nikiambie kwa upendo. Viongozi wa TAPSEA, mada za mapokezi, mavazi, mawasiliano na afya ya akili ni nzuri na zinatusaidia, lakini mtu wa ofisi ya mawakili anaweza kukaa siku zote za mkutano asisikie lolote kuhusu hati ya kiapo, ukomo wa muda au mfumo wa Mahakama. Tutengenezeeni kikao chetu pembeni. Kikiwepo, hata waajiri wetu watakuwa na sababu ya kutulipia. Mwanachama wa sekta binafsi naye ni mwanachama. Mpiganieni ruhusa yake kama mnavyompigania wa serikalini.

Kwa Msajili Mkuu, ombi ni dogo: mfumo ukibadilika tena, mwaliko wa mafunzo uandikwe "wakili na katibu wake". Tutakaa viti vya nyuma, ilimradi tuwepo tukisikia wenyewe.

Na kwenu wabia na wakuu wa ofisi, nawaomba mfanye jambo moja kabla ya bajeti ijayo ya ofisi haijafungwa. Mwiteni katibu wenu, mumuulize kama amewahi kwenda kwenye mkutano wa taaluma yake, nani alilipa, na angependa kujifunza nini akienda. Kisha andikeni kiasi kwenye bajeti, hata kama ni cha mtu mmoja kwa mwaka, na muweke kwenye mkataba wake kwamba siku za mkutano ni siku za kazi.

Sisi wa Mwanza tumeshaanza kuandika mada tunazotaka zifundishwe: kuhesabu muda, kumbukumbu za rufaa, mfumo wa mashauri, taarifa binafsi za wateja, na sampuli za nyaraka kwa Kiswahili. Uongozi wa kanda ukituita tutakuja na orodha hiyo, siku yoyote baada ya saa za kazi, kwa nauli zetu.

Wenu katika kazi,

Katibu Mahsusi
Ofisi ya mawakili, Mwanza